Kinga ya kukatwa kwenye mshahara: inatufaa ao hapana?



Juma lililopita, kisha mkutano wetu, mama mmoja alibaki nyuma akatoa katika mkoba wake karatasi iliyokunjwa mara nne. Mama huyu anafanya kazi ya usafi katika sosiete moja upande wa Shituru, naye anakaa Kikula. Anatembea kwa miguu muda wa saa nzima asubuhi, na saa nzima tena mangaribi, na wakati wa mvua anafika kazini viatu viko mkononi. Karatasi ilisema hivi: sosiete itampa kila mfanyakazi anayetaka kinga mpya, na bei yake itakatwa kwenye mshahara, dola 15 kila mwezi kwa miezi 12. Chini kulikuwa na nafasi ya kuweka sahihi. Mkubwa wa kazi alimwambia airudishe mbele ya mwisho wa mwezi. Swali lake kwetu lilikuwa fupi: "Niweke sahihi ao nisiweke?"

Hatukumjibu siku ile. Tulikaa, tukapiga hesabu, tukauliza watu, na leo tunaandika yale tuliyoyapata, sababu tunajua si yeye peke yake anayepewa karatasi za namna hii. Leo ni kinga, kesho ni simu, kesho kutwa ni mabati.

Kwanza tujue wazo hili linatoka wapi. Mpango unaojulikana zaidi ni ule wa Uingereza, ulioanza mwaka 1999. Kule mkubwa wa kazi ndiye ananunua kinga, kisha anamkodisha mfanyakazi kwa muda, mara nyingi mwaka mmoja, na mfanyakazi anakubali mshahara wake upunguzwe kwa muda huo. Faida inatoka kwa serikali. Feza ya kinga inatolewa mbele ya hesabu ya kodi, kwa hiyo haitozwi kodi. Tufuate kinga ya pauni 400. Mfanyakazi wa kawaida analipa kodi peni 20 juu ya kila pauni inayotozwa, na peni 8 zingine za bima ya taifa. Juu ya zile pauni 400 anasamehewa peni 28 kwa kila pauni, ni kusema mfukoni mwake zinatoka pauni 288 tu.

Hapo wengi wanafurahi mapema. Mwaka ukiisha kinga bado ni mali ya mkubwa wa kazi. Mfanyakazi akitaka iwe yake, analipa bei ya kinga iliyokwisha kutumika, na serikali imeweka kipimo: kwa kinga iliyonunuliwa chini ya pauni 500, kisha mwaka mmoja ni 18 kwa mia, basi pauni 72. Ukijumlisha, amelipa 360, amepata faida ya pauni 40. Lakini akiendelea kuikodi mpaka mwaka wa ine, kipimo kinashuka mpaka 3 kwa mia, pauni 12, na jumla inakuwa 300. Kinga ni ile ile, lakini faida ya mmoja ni 40 na ya mwingine ni 100, sababu mmoja alisoma karatasi mpaka chini.

Na kuna jambo jingine la Uingereza ambalo lilitugusa. Sheria yao inakataza kupunguza mshahara mpaka chini ya kiwango cha chini kabisa cha nchi. Ni sheria nzuri, inamlinda mnyonge. Lakini maana yake ni kwamba mwanamke anayefagia ofisi kwa mshahara wa chini kabisa hawezi kuingia katika mpango, na mkubwa wake mwenye mshahara mnono anaingia, tena anapata faida kubwa zaidi, maana kodi yake ilikuwa kubwa zaidi. Yule anayetembea kwa miguu ndiye anabaki anatembea.

Ndugu zetu walio Ubelgiji wana desturi tofauti. Kule, tangu mwezi wa tano 2023, mfanyakazi wa sosiete za watu binafsi anayekwenda kazini kwa kinga yake mwenyewe ana haki ya kulipwa kwa kila kilometa. Ilianza na senti 27 za euro. Badala ya kumkata, wanamwongezea. Tungependa wakubwa wa kazi wa Likasi wasikie habari hiyo pia.

Turudi nyumbani. Karatasi ya mama yetu haisemi neno lolote juu ya kodi kusamehewa. Basi ukiondoa kodi, kinachobaki katika mpango huu ni nini? Ni deni. Deni la kawaida, lenye sura ya zawadi. Si kusema deni ni baya. Nani kati yetu hajawahi kuchukua unga kwa deni? Lakini deni linapimwa kwa maswali ya deni.

Swali la kwanza ni bei. Dola 15 mara 12 ni dola 180. Mama yetu alikwenda sokoni na jina la kinga ile ile, akaambiwa dola 120 taslimu. Wakati mkubwa wa kazi anasema "hakuna riba", ile 60 inaitwa nini? Ni nusu ya bei ya soko. Riba inaweza kujificha ndani ya bei kama vile mchanga unavyojificha ndani ya ndakala. Utaisikia tu ukianza kutafuna. Sosiete inayonunua kinga 50 kwa mara moja inapaswa kupata bei ya chini kuliko mama mmoja anayenunua moja. Kama inauza kwa bei ya juu zaidi, basi kuna mtu katikati anayekula.

Hata hivyo hatukutaka kukataa haraka. Tulihesabu upande wa pili. Siku mama huyu amechoka ao mvua inanyesha, anarudi kwa teksi-moto. Tuseme angerudi kwa teksi-moto kila siku ya kazi, siku 24 kwa mwezi, nusu dola kila safari: ni dola 12 kwa mwezi, 144 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza kinga inamgharimu 180, kwa hiyo anapoteza 36. Mwaka wa pili halipi tena deni. Tuweke dola 3 kila mwezi za mipira, mnyororo na fundi, ni 36. Anabaki na 108 ambazo angempa mwenye teksi-moto. Basi hata kinga ya bei mbaya, ikidumu miaka miwili, inamletea faida. Ikivunjika mwezi wa nane, ni hasara tupu, naye ataendelea kulipa chuma kilicholala nyuma ya nyumba.

Na kama anatembea tu, bila teksi-moto, kinga haimletei feza, inamletea saa. Njia ya saa nzima inakuwa dakika 20. Anapata dakika 40 asubuhi na 40 mangaribi, kwa mwezi saa 32. Mama mmoja alipoisikia hesabu hiyo alisema: "Saa 32! Hizo ni siku ine za kazi ambazo ninazitoa bure barabarani." Katika hizo saa mtoto anaogeshwa, bukari inapikwa mapema, na asubuhi mtu anaweza kulala kidogo. Zambia, jirani zetu, shirika la World Bicycle Relief liliwapa wasichana wa vijijini kinga za kwenda masomoni, na watafiti waliofuatilia wakakuta muda wa njiani umepungua kwa karibu theluthi moja, na kuchelewa na kukosa masomo pia kumepungua. Kwa hiyo hatuko hapa kusema kinga haifai. Tunauliza namna ya kuipata.

Hapa tunapaswa kukumbuka kidogo, sababu mji wetu una historia na mambo ya mshahara. Wazee wetu waliofanya kazi ya Union Minière walipata sehemu ya malipo yao kwa posho: unga, maharagi, mafuta, samaki, na ba mama ndio walikwenda kupanga mustari wakiwa na vyombo. Baadaye, wakati wa Gécamines, mfuko wa unga wa kila mwezi ulikuwa sehemu ya maisha ya nyumba. Kupewa kitu badala ya feza hatukukujua jana. Tunajua pia uzuri wake: unga ulifika nyumbani, feza ilipotelea njiani. Lakini tunajua na siku ambapo mshahara ulikatika. Miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000 wafanyakazi wengi wa Gécamines walikaa miezi na miezi bila kulipwa, na mwaka 2003 zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ule mpango wa kuondoka kwa kupenda. Watoto wa nyumba hizo leo ndio sisi. Tunajua kwamba mshahara unaweza kusimama na deni lisisimame.

Kwa hiyo swali la pili: kazi ikiisha, kinga inakuwa ya nani? Tuseme mama anaachishwa mwezi wa sita, amekwisha kulipa mara tano, dola 75. Zinabaki 105. Je, zitakatwa zote mara moja kwenye malipo yake ya mwisho? Ao watachukua kinga, na zile 75 zipotee kama maji? Karatasi aliyoileta ilikuwa kimya. Na kazi za sosiete ndogo zinazochukua kandarasi kwa sosiete kubwa hazina uhakika. Kandarasi ikiisha, wote wanarudi nyumbani.

Sheria iko upande wetu zaidi kuliko tunavyofikiri. Code du travail yetu ya mwaka 2002 inataka mshahara ulipwe kwa feza halali ya nchi, na mkubwa wa kazi hawezi kuukata namna anavyotaka. Mkataba wa kimataifa namba 95 wa mwaka 1949 juu ya ulinzi wa mshahara, ambao nchi yetu imeukubali, unakataza mkubwa wa kazi kuzuia uhuru wa mfanyakazi wa kutumia mshahara wake namna anavyopenda, na kumlazimisha kununua katika duka la sosiete. Maana yake ni nini kwa mama wa Kikula? Kwamba "hapana" ni jibu halali. Karatasi ya kinga si karatasi ya kazi. Mtu akikuambia asiyechukua kinga ataonekana hapendi sosiete, mpelekee delege wa sendika maneno hayo, ao uende kwa mkaguzi wa kazi.

Kuna neno moja dogo ambalo ni la kuangalia sana. Kukata kwenye mshahara ni jambo moja. Kupunguza mshahara wenyewe ni jambo jingine. Ukikatwa, fishi yako ya malipo inaonyesha bado mshahara mzima, na chini yake mstari wa kinga. Ukipunguziwa, namna wanavyofanya Uingereza, mshahara ulioandikwa unakuwa mdogo, na feza ya CNSS inahesabiwa juu ya huo mdogo. Kule wana faida ya kodi ya kufidia. Hapa utakuwa umepunguza pansio yako mwenyewe bila kupata kitu. Mama akiweka sahihi, aandike kwamba mshahara wake mzima haubadiliki.

Sasa tunafika mahali ambapo wakubwa wa kazi, wengi wao wanaume, hawafikiri kabisa. Mama mja mzito ana haki ya konje ya uzazi ya majuma 14, na katika muda huo analipwa theluthi mbili za mshahara. Mama yetu anapata dola 150. Katika konje zitakuwa 100. Wakiendelea kukata 15, zinabaki 85, katika miezi ile ile ambapo nyumba ina mtoto mchanga na kinga imesimama kwenye ukuta haiendi popote. Tulishauri aombe mstari mmoja tu: wakati wa konje ya uzazi ao ugonjwa, makato yanasimama, na yanaendelea akirudi kazini. Ni mstari wa kuandika dakika mbili. Sosiete inayokataa mstari huo inaonyesha namna inavyowahesabu wanawake.

Na nyumbani? Mama mwingine wa chama alitueleza yaliyompata. Bwana yake aliweka sahihi ya kinga bila kumwambia. Mwisho wa mwezi aliona mfuko wa unga umekuwa mdogo, akafikiri mengine, mkajua wenyewe ni yapi. Wiki mbili nyumba haikuwa na amani, mpaka kinga ikaingia kwenye lupango. Kilichomuumiza zaidi kilikuja kisha. Kinga ililipwa na chakula cha nyumba nzima, lakini ilikwenda kazini asubuhi na kurudi jioni, na siku ya shamba yeye aliendelea kubeba mihogo kichwani, kinga ikiwa imefungwa kufuli. "Ni ya kazi," bwana alisema. Sisi tunasema: kinga iliyokatwa kwenye feza ya sombe na bukari ni ya nyumba. Wakae wawili, wapange siku ya kazi na siku ya shamba, mbele ya sahihi. Na kwa mama mwenye mshahara wake, akumbuke kwamba tangu sheria ya mwaka 2016 iliyobadilisha Code de la famille, mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya bwana ili aweke sahihi yake. Kuongea nyumbani ni hekima, lakini si ruhusa.

Tuseme pia juu ya kinga yenyewe, maana zote si sawa. Ile ya mama yetu, tulipoiona picha yake, ina chuma cha juu cha kulala, kinga ya mwanaume. Na kikwembe utapandaje? Aombe ile yenye chuma kilichoshuka. Chuma cha nyuma cha kubebea mizigo kiwe kinene. Tunawaona vijana wa makala wanaopanda milima yetu na mifuko. Kinga zao mpya zinapita kwanza kwa fundi, zinaongezewa vyuma, kabla ya kubeba mfuko wa kwanza. Zile za Buffalo, ambazo World Bicycle Relief inazitoa Zambia, zimetengenezwa nzito makusudi, na zinabeba mpaka kilo 100 nyuma. Kinga nyembamba ya kuangaza, nzuri kwa macho, haiwezi barabara zetu za mashimo. Mkubwa wa kazi achague pamoja na wafanyakazi, na mafundi wa mji waulizwe kama vipuri vyake vinapatikana sokoni. Kinga isiyo na mipira sokoni ni pambo.

Wengi mtauliza: kwa nini tusifanye likelemba? Tulihesabu hiyo pia. Ba mama 10, kila mmoja dola 12 kwa mwezi: kila mwezi 120 ziko tayari, kinga moja inanunuliwa taslimu kwa bei ya soko. Miezi 10, kinga 10. Kila mmoja ametoa 120, si 180, na kinga ni yake siku ile ile. Hakuna mkubwa wa kazi wa kuuliza, na kazi ikiisha haichukuliwi.

Lakini tusijidanganye. Anayepata mwezi wa kumi ametembea kwa miguu miezi tisa. Na sisi wote tunajua likelemba iliyokufa katikati sababu mmoja alipata mapema akaanza kukimbia wenzake sokoni. Kuna mama aliyetuambia wazi kwamba anapenda kukatwa kazini kuliko likelemba: "Feza ambayo haijafika nyumbani, shemeji hawezi kuiomba." Tulicheka, lakini ana haki. Kwa mtu ambaye mshahara wake unagawanywa na ukoo mzima siku ya kulipwa, kukatwa ni ukuta. Ukuta huo unaweza kuwa na thamani yake. Dola 60? Hapo tulibishana mpaka giza, na hatukupatana. Wengi wetu walisema 10, labda 15, si zaidi.

Mwisho tulimshauri mama asirudishe karatasi wazi na asiiweke sahihi. Tulimsaidia kuandika barua fupi, na wenzake sita wa kazi waliweka majina yao pia, wanaume watatu kati yao. Inaomba mambo matano: bei ya kinga iandikwe pamoja na bei ya soko, kinga iwe mali ya mfanyakazi tangu siku ya kwanza, na akiondoka deni linalobaki lilipwe polepole, mshahara mzima usibadilike kwenye fishi, makato yasimame wakati wa konje ya uzazi na ugonjwa, na kinga za wanawake ziwe na chuma kilichoshuka.

Jibu limekuja siku ya ine. Juu ya chuma kilichoshuka, ndiyo. Juu ya konje ya uzazi, ndiyo, kwa mdomo, bado si kwa maandishi. Bei, mkubwa wa kazi ameishusha mpaka dola 150, na anasema hawezi kushuka tena. Juu ya kazi kuisha, na juu ya fishi, bado kimya. Mama hajaweka sahihi. Kesho ataendelea kutembea, na wenye karatasi kama yake wanaombwa kuzileta kwenye mkutano wa juma lijalo, pamoja na fishi ya malipo ya mwezi uliopita, ili tuzisome pamoja. Wanaotaka kuanza likelemba ya kinga waje pia. Majina mane yamekwisha kuandikwa.